Kaka Alipokuwa Mihimili Yote Mitatu

Chumba cha vanishi,
Karakana ya marehemu Baba.
Jumapili, baada ya chakula cha mchana.

Mpendwa kitinda mimba wetu,

Pokea salamu nyingi zenye harufu ya vanishi, maana nakuandikia mikono haijakauka vizuri. Hujambo huko uliko? Kifua je, bado kinakusumbua kukiwa na baridi? Sisi wazima. Presha ya Mama imetulia, isipokuwa anapolitaja jina lako, ndipo huanza kutafuta miwani aliyoivaa.

Mdogo wangu, nimeanza shule. Usicheke. Kila Jumamosi tunakutana kwenye ukumbi wa maktaba, tunafundishwa katiba na mwalimu mstaafu tunayemwita Madamu Chaki. Watu wanadhani nimependa elimu ukubwani. Mimi nilikwenda kutafuta fimbo ya kumchapia kaka yetu. Tangu alipokufukuza karakana kwa sababu ya ule moto wa jiko la kuyeyushia gundi aliokubebesha wewe, akakutupia randa na misumeno yako nje kwenye mvua, sijapata kumwombea mema. Wala sioni haya kukuandikia hivyo.

Siku moja Madamu Chaki alitueleza mihimili mitatu ya dola. Bunge linatunga sheria, Serikali inazitekeleza, Mahakama inaamua nani amezivunja. Imetenganishwa ili mtu mmoja asishike yote akageuka mungu mtu. Hapo niliacha kuandika. Nani alitunga sheria kwamba anayeunguza karakana anaondoka? Kaka. Nani alikushtaki? Kaka. Nani alikuhukumu bila kukuuliza hata swali moja, kisha akabadilisha kufuli? Huyo huyo. Nikaanza kujipepea kwa daftari mpaka dereva wa lori ninayekaa naye dawati moja akaniuliza kama nina homa.

Kwa pupa yangu unayoijua, nilikimbia nyumbani nikamwambia Mama kuanzia leo yeye ndiye Mahakama.

"Mwanangu, mimi nina presha," akasema. "Tafuta mahakama nyingine. Na wote wawili nimewazaa mimi, nitamhukumu nani?"

Nikaona nimechemka. Hakimu hatakiwi kuwa na upande. Basi tukamwomba Mjomba, fundi saa, ambaye hana mapenzi na karakana yetu hata kidogo. Viti vyetu vyenyewe anasema vinamuumiza mgongo.

Kaka aligoma, akauliza nani kampa Mjomba mamlaka. Nikamjibu kwamba mamlaka ya nchi yanatoka kwa wananchi, na ya karakana yanatoka kwa watoto wa Baba, maana alituachia sote. Tukapiga kura, akashindwa.

Kikao kikafanyika sebuleni kwa Mama. Dada yetu muuguzi alitaka tumvue uongozi pale pale tukale. Nilikataa mimi. Nikasema mtuhumiwa ana haki ya kusikilizwa, tena mpaka amalize. Wifi yangu alinishukuru kwa machozi, maskini, akidhani nimelainika. Sikulainika. Namjua kaka, ukimpa nafasi ya kusema atajimaliza mwenyewe.

Alisimama, akakohoa, akaanza sifa. Yeye ndiye mlinzi wa mali ya Baba. Ufunguo haujawahi kutoka mfukoni mwake. Kila jioni anatoka wa mwisho, anakagua kila kona, hata akiwa mgonjwa. Mjomba alimwacha mpaka pumzi zikamwishia.

"Hata jioni ya moto?"

"Hata hiyo, Mjomba. Mimi ndiye niliyefunga."

"Na dogo alikuwa wapi?"

"Si alishaondoka na mkokoteni, kupeleka kabati kwa mteja."

"Sasa lile jiko la gundi lililowasha moto, ulimwachia nani alizime?"

Kaka akakaa chini. Ah, mdogo wangu, laiti ungekuwepo! Nilifurahi mpaka nikaona aibu mbele ya Mama, aliyekuwa analia. Swali dogo kama hilo lingeweza kuulizwa siku ile ile, ila hakimu alikuwa yeye.

Tukapiga kura tena. Ufunguo sasa tunaushika kwa zamu, na kaka anapiga msasa miguu ya viti chini ya usimamizi wangu. Kila mguu wenye mkwaruzo namrudishia, hata usioonekana. Hiyo si katiba, hiyo ni mimi.

Lakini roho yangu haijatulia. Nilitaka naye atupiwe vifaa vyake nje, tena tusubiri mvua. Mjomba akakataa katakata. Alisema aliyeumizwa hajasikilizwa, na hakuna adhabu mpaka asikilizwe. Nilinuna siku nzima, lakini alichosema ni kweli. Kikao kimeahirishwa kukungoja wewe.

Jana kaka alikuja huku kwenye vanishi, akasimama mlangoni, akaniomba namba yako ya simu ili akuombe radhi. Nimemnyima. Akiipata kwa mwingine, usipokee. Ukitaka kumsamehe ni haki yako, sitakuwekea kinyongo. Ila njoo umsamehe hapa, sebuleni, mbele ya wote waliokuona ukiokota misumeno yako kwenye matope. Kusamehewa kwa simu ni rahisi mno, na mimi sitaki apate kwa urahisi.

Mama anakusalimu na kukuombea. Wifi yangu, shemeji yako, anakusalimu kwa sauti ndogo. Mjomba anasema ukija uje na saa yako aitazame. Mungu akulinde njiani, akufikishe salama mlangoni kwetu.

Mimi dada yako,
nikupendaye wewe, na nisiyemsahau yeye.