Udongo Niliomnyima Wandera

Kwako Mama Wandera, mke wangu mpendwa,

Pokea salamu zangu kwa heshima ile ile niliyokuandikia tukiwa wachumba. Niwie radhi kwa kukawia miaka miwili. Mkono wa kuume ulikuwa umevunjika, na moyo ulichelewa kupona kuliko mkono.

Yakupasa kuambiwa habari za mazishi yako. Jeneza lilikuwa bado juu ya kamba shemeji yako Ouma alipomcheka mwana wetu: "Leo utajificha kwa nani, mtoto wa mama?" Kabla hajafunga kinywa, Wandera alimpiga kwa sepetu, taya likapasuka, damu ikarukia jeneza lako. Nikaingia kati, pigo la pili likavunja mkono wangu. Ndipo nikatamka mbele ya kijiji chote cha Namboboto: "Wewe hutashika udongo wa mama yako." Ndugu zake wakautupa udongo kaburini, mmoja baada ya mwingine. Yeye wanaume wanne walimkalia, akilia kama ndama.

Akaenda Malaba, akawa utingo wa malori. Wenzake walimwita Baruti. Kwa tusi moja tu alimpasua dereva utosi kwa spana, naye akachomwa kisu cha tumbo. Nilimkuta hospitali, chini ya ulinzi wa polisi.

Huko daktari alinieleza kwamba ubongo una kitu kiitwacho serotonini, ambacho, kwa kadiri wanavyofahamu, husaidia kuuzuia mkono usiitangulie akili. Kidonda kilipopoa alimpa dawa ya kuiamsha hiyo serotonini, akampima damu asubuhi nzima. Miili ya wengi huiitikia dawa hiyo upesi. Wa Wandera uliitikia kwa shida, kama mtu anayejibu hodi kutoka chumba cha nyuma. "Mzee, hili halimwondolei kosa," alisema, "lakini breki zake ni dhaifu."

Nikakumbuka neno lako: "Baba Wandera, hasira ya huyu hufika kwanza. Mwenyewe hufika baadaye, akilia." Ulijua bila sindano. Nami, nisamehe, nilimchapa kila alipofika.

Juzi alimaliza kifungo. Sasa yuko mlangoni, kofia mkononi, haingii mpaka nimwambie. Neno lile la kaburini nimelifuta mbele ya Ouma, ambaye hakupenda. Nakuahidi sitalirudia, hata akinivunja mkono uliobaki.

Lala salama, mke wangu. Safari ya barua hii si ndefu, ni kuizunguka nyumba tu hadi kaburini kwako.

Mimi mumeo.

Kwa mkono wa Wandera. Ule mwingine umeshika udongo.