Kabla Ming'oko Haijapoa

Mjukuu wangu Saidi, mume wangu mdogo,

Marahaba. Huku Newala mikorosho imechanua, nami bibi arusi wa miezi miwili nachanua nayo! Mume mwenzako Hamisi anakusalimu.

Unauliza kama laini ya ofisi yenu itafikisha mafaili kwa wakati. Nilipokuwa karani, ofisi yetu iliwekewa laini ya simu ya kidijitali. Hamisi, mchumba wangu wakati ule, alitoka kijijini Mkunya na diski yenye michoro yake ya majumba, ya kuombea chuo. Mwisho wa kupokea ulikuwa saa kumi. Nikapiga hesabu ya kutuma: dakika tano.

"Una hakika?" akauliza.

"Kaa, mpenzi. Ming'oko itapoa."

Tukala mizizi ile ya porini ya kuchemsha, tukacheka. Saa kumi kasorobo nikatuma. Kumbe kasi ya laini ilihesabiwa kwa biti, faili kwa baiti, na baiti moja ni biti nane. Sikugawa kwa nane. Zilitakiwa dakika arobaini.

Chuo kikamkataa. Akaondoka bila kunilaumu, nami kwa aibu sikumtafuta. Nikaolewa na babu yako, Mola amrehemu.

Sasa Hamisi ni wangu, mzuri ajabu. Lakini kila asubuhi huchora majumba mchangani kwa kijiti, kisha huyafuta kwa mguu anaponisikia nikija.

Gawa kwa nane, mume wangu, ndipo ule.

Bibi yako akupendaye