Ramani ya Kwenda kwa Hatsumi

Osaka, 14 Novemba

Mpendwa Baba,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na lile goti halikusumbui sana baridi hii. Mwambie Mama achari yake ya figili ilifika, na wenzangu ofisini waliimaliza siku hiyo hiyo bila haya. Mwili wangu ni mzima. Roho ndiyo inayochemka, na nimeandika kwa sababu kwenye simu ungenikatiza.

Unajua ofisi yetu ya upelelezi hapa hupokea zaidi wanawake wanaosumbuliwa mtandaoni. Mwezi wa tisa alikuja mmoja aitwaye Hatsumi, muuza mikate. Mtu asiyejulikana alikuwa akiandika habari zake kila siku: leo ameanika shuka la kijani, leo kachelewa treni, leo kanenepa. Akaunti moja ikifungwa, anafungua tatu. Alieneza hata kwamba Hatsumi ana ugonjwa wa ngozi, wateja wakaanza kumtazama vidole. Mwaka jana alihama kutoka Himeji hadi Osaka kwa siri, hata shangazi yake hakumwambia, lakini baada ya miezi miwili picha ya mlango wake mpya ilikuwa mtandaoni.

Alipokwenda polisi, askari wa zamu alimwuliza kwa nini asizime tu simu. Kisha akamtania: “Dada, si umepata mpenzi wa siri? Wenzako wanatafuta hawapati!” Baba, niliposimuliwa hayo nilitamani kwenda kummwagia chai usoni.

Kazi ilikuwa ile ile uliyonifundisha, kukaa na kutazama. Picha za roshani yake zote zilipigwa kutoka juu kidogo, nikapanda jengo la maegesho lililo mkabala mpaka nikaipata ghorofa yenyewe. Nilikaa humo ndani ya gari siku sita nikila tambi baridi. Siku ya sita asubuhi, mwanamume alishuka kwenye gari jeupe akaelekeza simu kwenye nguo za Hatsumi. Nikampiga picha. Dakika nne baadaye, ile aliyoipiga yeye ikatokea mtandaoni. Tulichapa yote kwenye karatasi pamoja na tarehe na saa, tukayapeleka kwa mkubwa wa yule askari mtani, na safari hii hakuna aliyecheka. Mtu huyo ni Murase, aliyefanya kazi na Hatsumi huko Himeji. Alimtaka, akakataliwa.

Polisi walipopekua gari lake walikuta bahasha, na Hatsumi akaniomba nimsindikize kuitazama. Ndani mlikuwa na anwani yake na ramani ya kutoka kituo cha treni hadi mlangoni, imechorwa kwa mkono. Hatsumi aliniuliza ni mtu gani mwenye akili timamu anayeweza kumchora mwenzake namna hii, mpaka ngazi za nyuma.

Ni mimi, Baba. Mwaka jana, nilipokuwa bado ofisini kwako, wewe ulikwenda mtaani kumtafuta, mimi nikachora kwa maelezo yako, kisha nikalisahau jina lake na hata sura ya mteja, kama nilivyosahau mengine. Mteja alijiita Inoue, kaka wa kijana anayetaka kuoa, familia inataka kumjua msichana kabla ya posa. Sheria inataka mteja atie muhuri wa jina lake, ndiyo saini yake, kwenye kiapo kwamba hatamdhuru mtu kwa habari hizo. Akasema kausahau muhuri nyumbani na ana haraka. Ulifungua droo unamoweka mihuri ya dukani yenye majina ya kila ukoo, ukanipa wa Inoue. “Gonga bwana, karatasi tu hiyo!” Nikagonga. Hatukumwomba hata kitambulisho. Tungekiomba, tungejua palepale kwamba jina hilo si lake.

Nilimwambia Hatsumi pale pale kwenye korido ya polisi. Alichukua mkoba wake akaondoka peke yake, na mpaka leo hapokei simu yangu. Ana haki.

Nimeandika maelezo polisi, nimetaja jina langu na lako, na ile droo. Najikasirikia mimi, lakini wewe nimekukasirikia zaidi, kwa sababu nilikuamini. Usinipigie kuniambia kwamba ndivyo ofisi zote zinavyofanya. Polisi watafika kwako Jumanne asubuhi. Usichome kitu.

Majirani wote wasalimie. Mama naye msalimie sana, na umweleze haya kwa mdomo wako mwenyewe kabla ya Jumanne, maana mimi nimeshindwa.

Ni mimi mwanao,
Chitose