Kindi wa Ukutani, Vwawa

Jumatatu, 12 Mei 2025

Nimepata kazi Vwawa! Kuchora wanyama kwenye ukuta wa shule ya awali anakosoma binti yangu, Diana. Mwalimu mkuu, Madam Priska, kaniuliza kama wanyama nawaweza. Nikamwambia nusu ya simba waliochorwa kwenye malori yanayovuka mpaka wa Tunduma ni wangu. Majigambo! Simba ninayemjua ni mmoja tu. Nambadilisha manyoya.

Kumbe simba hamtaki. Anataka wagugunaji – kindi, panya buku, ndezi, nungunungu. "Wanyama ambao watoto wanawaona kwao." Nikaitikia kwa kichwa kama profesa.

Mapumziko Diana kapita na wenzake. "Shikamoo fundi." Fundi! Nikajibu marahaba, kama vile sijawahi kumwogesha.

Jumatano, 14 Mei 2025

Nungunungu kapita mtihani. Miiba ni kuburuta brashi tu, hata mlevi anaweza. Panya buku naye kapita: mkia mrefu, mweusi mwanzo, mweupe mwishoni, mashavu yamejaa kama anahama nyumba. Ndezi nimempa mwili mnene, mkia mfupi na meno ya rangi ya chungwa. Madam kauliza kama anavuta sigara. Nikasema ndivyo yalivyo, nimesoma kwenye simu. Siku moja niko sahihi – na bado nachekwa.

Kindi ndiye msiba. Nilitafuta picha mtandaoni, sijui ya nchi gani. Nikachora mwekundu, masikio yana vishungi vya nywele, kifua kipana. Kifua hakikuwa kwenye picha. Mkono umezoea simba. Watoto wakajaa. "Panya! Panya kavaa wigi!" Diana kacheka kuliko wote. Nami nikacheka, ningefanyaje? Kisha nikaenda bombani kuosha brashi, nikaosha na uso.

Ijumaa, 16 Mei 2025

Nimekwenda kwa Bi Tulinagwe, mama yake Recho, mzazi mwenzangu. Diana anaishi kwake tangu mimi na Recho tuachane. Nikadhani nitapewa chai. Nikapewa habari.

"Jastin, Recho kapiga simu. Shule zikifungwa anamchukua mtoto, wakaishi wote Lusaka."

"Nawe Mama unasemaje?"

"Mimi nitamsikiliza mtoto. Akisema anabaki, abaki. Lakini wewe unakuja kwa kudra. Mtoto mwenyewe hata kusema ana baba, hasemi."

 Nikasifia maparachichi yake. Maparachichi! Mtu anaambiwa mwanawe anaondoka, anasifia matunda.

Jumamosi, 17 Mei 2025

Nimerudi tena kwa Bi Tulinagwe, eti kusaidia kuchuma kahawa. Nilichuma mbichi na mbivu pamoja, nikafukuzwa. Diana kanifuata.

"Kwa nini kindi wako ana nywele masikioni? Wa kwa bibi hana."

Kanipeleka nyuma ya mibuni, tukachuchumaa. Baridi! Nikapiga chafya, kindi akatoweka. Diana kanikazia macho: "Usipumue." Nikajaribu, nusura nizimie.

Kindi karudi. Mwekundu wapi! Rangi ni kahawia ya majani makavu, tumbo lina umanjano kwa mbali. Masikio madogo, mviringo, yako karibu na kichwa. Macho makubwa, yamekaa pembeni, anakuona hata akikupa ubavu. Mkia umejaa, una pete hafifu ambazo lazima utulie ndipo uzione. Halafu akashuka mti kichwa mbele! Diana kaninong'oneza: paka wa bibi hawezi hivyo, hushuka kinyumenyume. "Ona miguu yake ya nyuma. Inageuka." Kweli, inageuka kuelekea nyuma, kucha zinashika gome.

Diana alikuwa amenishika kidole. Kikafa ganzi. Sikukisogeza.

Jumatatu, 19 Mei 2025

Nimemchora upya. Sasa ni kindi. Karibu awe. Kifua nimekipunguza na kukipunguza tena, bado anaonekana kama aliwahi kubeba mizigo mpakani Nakonde. Nikasimama mbele yake nikijisifu kimoyomoyo.

Madam akaja. Kasema shule itatembelewa na wageni wiki hii. "Huyu simwelewi. Mpake nyeupe, weka sungura. Sungura hakuna asiyemtambua."

Nikamweleza kwamba sungura si mgugunaji, ana vijino vingine nyuma ya meno ya mbele. Kanitazama kama mtu mwenye homa.

"Fundi. Sungura."

Nikasema sawa Madam. Shujaa mimi.

Jumanne, 20 Mei 2025

Naandika nikiwa kwenye benchi, nje ya ofisi. 

Kindi nilikuwa nimemgusia rangi tena asubuhi, kumuaga tu. Upumbavu. Nikakoroga nyeupe, nikachovya brashi. Diana katoka darasani mbio, kamwegemea kindi ukutani, mikono kaitandaza.

"Diana, toka, rangi mbichi!" – Madam.

"Sitoki. Huyu ni wa kwetu. Tulimwona mimi na baba."

Watoto: baba yupi? Kaninyooshea kidole kama anamtaja mwizi. Brashi ikanidondoka, ndoo nikaipiga teke, nyeupe yote chini. Madam kasema nimefanya makusudi. Natamani ningekuwa na akili hiyo!

Na Bi Tulinagwe naye akatokea getini, kaja kumchukua mjukuu. Kaona sweta: mgongo mzima kahawia.  Kampigia Recho hapohapo, mtoto ajisemee mwenyewe.

Sasa wako ndani wote, simu iko mezani, sauti juu. Mimi nimepewa sweta na chupa ya thina ya kutolea rangi. Chupa sijaifungua.

Recho anauliza: "Diana, achana na hayo. Lusaka utakuja, au hutaki?"



Diana anamwambia mama yake mkia wa kindi una pete, lakini lazima utulie ndipo uzione. Recho anamwita tena, Diana, nimekuuliza. Bi Tulinagwe anasema mwache mtoto aseme. Diana anasema masikio hayana nywele, picha ya kwanza ilikosewa. 

Sasa amefika kwenye miguu ya nyuma, ile inayogeuka, na Lusaka hajaitaja hata mara moja.