Mlango wa Uani

Bergen,
Jumapili, baada ya adhuhuri

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Naiweka shikamoo hii miguuni pako, na hasa kwenye mguu wa kushoto, ule usiotaka utajwe. U hali gani? Usingizi unaupata? Mwanaidi anakulisha vizuri, au bado mnagombania chumvi? Mimi kwa upande wa mwili sijambo. Moyo ndio haujatulia tangu nirudi huku, na sababu unaijua.

Mwanaidi mdogo wangu, najua wewe ndiye unayemsomea mama. Soma kwa sauti na usiruke neno, hata penye jina lako. Nakufahamu, ukifika pagumu huanza kukohoa.

Mama, nimeandika barua kwa sababu simu imenishinda. Nikikupigia tunazungumza mvua, tunazungumza kuku, tunazungumza harusi za watu. Nikiutaja mguu tu, mtandao unakatika. Ajabu ya mtandao huo, nikimpigia Mwanaidi papo hapo unapatikana, tena nakusikia nyuma yake ukiuliza kama nimeshakata. Barua haikatiki. Aliyeileta ni mjomba Bakari, mdogo wako, kutoka Muheza. Pengine umeshangaa kwamba leo hakupiga hodi mlango wa mbele na kumwaga salamu zake tangu barazani. Amepitia uani kwa jirani yetu Bi Mwanahamisi, na ni mimi niliyemwomba. Kwa nini, nitakueleza. Niache kwanza nitoe yaliyonijaa.

Huku baridi imeanza. Miti ya mtaani imepukutika majani yote, alasiri tu kiza kimeshaingia. Nilipofunga safari ya kuja kwetu ilikuwa ndiyo kwanza inageuka rangi. Nikafika Kigombe nikaikuta vuli imeanza, njia nzima madimbwi, nikacheka peke yangu garini: nimekimbia mvua nimefikia mvua. Cheko lile ndilo la mwisho nililocheka kwa raha safari nzima.

Tangu baba afariki nilikuwa sijatia mguu nyumbani. Mazishi hayakuningoja, wala sikutaraji yaningoje. Nilitaraji wewe tu. Nilitaraji utoke mbio hadi barazani, kanga ikidondoka, huku ukinitukana kwa kukonda, kama ulivyonipokea siku zote. Hukutoka. Nilikukuta chumbani umekaa juu ya mkeka, nguo nyeupe, umejifunika shuka kuanzia kiunoni, ukaninyooshea mikono. Nikajisemea, ni eda. Aliyefiwa na mume hakimbilii wageni. Ukawa hutoki hata uani kuota jua, nikasema ni eda. Ukawa unaswali umekaa, nikasema ni huzuni. Wanawake waliokuja kukutazama nao walisema hivyohivyo, tena wakakusifu, kwamba siku hizi hakuna wanaokaa eda namna ile, umetulia mahali pamoja, hata kivuli chako hakionekani mlangoni. Sote tulikuwa tunauona ugonjwa, na sote tukauita heshima.

Na mimi mkanifanya mgeni. Nikishika ufagio nanyang'anywa. Nikiingia jikoni Mwanaidi ananisukuma, "Kakae na mama, dada." Chai yangu inakuja kwenye kikombe cha kabatini, kile chenye maua ambacho sisi watoto tulikatazwa hata kukitazama. Nikitaka kufua, nguo zimeshafuliwa alfajiri, zimeshaanikwa, zimeshaanuliwa. Niliumia sana, mama. Nilidhani ndivyo anavyokuwa mtu akikaa mbali: anarudi kwao anapewa kikombe cha wageni. Sikujua kwamba katika nguo zile kulikuwa na vitambaa vya kidonda.

Niligundua Ijumaa ile, Mwanaidi alipokwenda dukani. Uliomba maji ya udhu. Nikaleta ndoo na kopo, nikapiga magoti nikumiminie mwenyewe, kama ulivyokuwa ukinifundisha. Ukaosha uso, ukaosha mikono, ukatoa mguu wa kulia. Wa kushoto hukuutoa. Nikangoja na kopo langu mkononi. Ukasema, "Basi, nenda, nitamalizia." Nikaifunua shuka.

Nikakuuliza kidonda kile cha kidoleni kimeanzaje. Ukanijibu kwamba kaa la moto lilidondoka jikoni, ukalikanyaga, na hukulisikia. Ulilisema kama mtu anayejisifia uvumilivu. "Hata hakiumi," ukaniambia. Mama, hapo ndipo nilipoogopa. Ningekuta unalia kwa maumivu ningekuwa na nafuu.

Kazi yangu huku unaijua, natunza wazee. Nawaogesha, nawakata kucha, nawapaka mafuta miguu. Yuko bibi mmoja mwenye sukari kama yako aliyeniambia maneno yaleyale, hakiumi. Sasa namsukuma kwenye kiti cha magurudumu, na blanketi lake upande mmoja limelala bapa. Miguu ya mama za watu naiosha kila siku, mama yangu mimi ananifichia wake kwa shuka! Hilo limenikasirisha na bado linanikasirisha, nisikufiche.

Yaliyofuata unayajua, lakini nataka uyasikie kwa kinywa changu. Nilimwita mjomba Bakari tukupeleke hospitali. Alikuja na kofia yake na sauti yake, akakaa barazani akatoa hukumu kabla hajavua viatu.

"Eda haijesha, huyu anatoka vipi? Shemeji hajapoa hata kaburini. Watu watatusemaje?"

"Hao watu ndio watakaompa mguu mwingine?" nikamuuliza.

"Weye Saumu umekuja na haraka za Ulaya. Kitu kidogo, hospitali. Kitu kidogo, hospitali."

Nikamgeukia Mwanaidi nikidhani atanisaidia. Badala yake akalia. "Dada, weye utapanda ndege. Miye ndiye nitakayebaki na maneno yao. Na mama kaniapisha nisiseme, ulitaka nivunje kiapo?"

Mwanaidi, usikohoe. Uliniuma siku ile, lakini ulisema kweli. Mimi nina ndege. Kila nilichokuwa nakidai kwa kelele, ni wewe ambaye ungekilipia kwa kutazamwa kisimani. Na usiku na mchana ni wewe uliyeosha kidonda kile bila kumwambia mtu, wakati mimi nanuna kwa sababu ya kikombe.

Basi nikaenda kwa mwalimu wa madrasa. Mzee wa watu hakunizungusha. Alisema mgonjwa hutoka, eda haikuwekwa ili mtu aangamie ndani, ajisitiri tu na akitibiwa arudi nyumbani kwake. Nikarudi mbio nimeshinda. Nikakupa jibu lake neno kwa neno. Ukanitazama kama unavyomtazama mtoto aliyekuletea samaki asiyeparuliwa.

"Aka! Kwani miye sijui? Nimesoma Kurani chuoni kabla weye hujazaliwa."

Ikawa sasa si dini, si mjomba, si watu. Ni wewe. Na siku zikawa zinakwisha. Nikipita naitazama shuka ile, nawe unanitazama naitazama. Vuli ikipiga bati, na mimi nashukuru kelele zake kwa sababu zilitupa kisingizio cha kutosemezana.

Asubuhi ya kuondoka ndipo uliponiambia. Mizigo imeshatoka, dereva anapiga honi. Ulinishika kiganja ukanivuta chini.

"Babako alitoka mlango ule kwa miguu yake," ukasema. "Kanambia, usiiepue chai, narudi sasa hivi. Nikaiacha motoni. Akarudi kabebwa. Mamangu naye alitoka mlango uleule kwenda kutazamwa kifua, akarudi vivyo hivyo. Miye mlango ule sitoki, Saumu. Siutoki. Niache."

Honi ikapigwa tena. Nikakubusu mkono nikaondoka, na kwa mlango huohuo, sina jibu. Nililia hadi Tanga, dereva akadhani nalilia baba.

Jibu nimelipata huku, mama. Wiki iliyopita nilikuwa namtoa yule bibi wangu nje akaone jua, siku hizi likitokea ni la kugombaniwa. Nyumba yao mbele ina ngazi, kwa hiyo wenye viti vya magurudumu hutolewa kwa nyuma. Nikafungua mlango wa nyuma, nikakisukuma kiti chake nusu, nikasimama. Bibi akauliza kama nimesahau kitu. Nikamwambia hapana, nimekumbuka. Nyumba yetu ina milango miwili!

Ule wa mbele ni wa baraza, wa wageni, wa wanaume na kahawa yao. Jeneza hutoka kwa ule. La bibi, mama yako, lilitoka kwa ule, la baba lilitoka kwa ule, hilo siwezi kukubishia. Lakini wa uani ni wetu. Umeupita kwenda kwa Bi Mwanahamisi kuomba kaa la moto, kwenda shughulini, kwenda kutuamulia tukigombana na watoto wa watu. Jeneza haliwezi kupita pale, hata baba mwenyewe akipita alikuwa anainama na kulalamika. Na wewe umenisimulia mwenyewe, tena mara nyingi mpaka Mwanaidi akakuomba upumzike: siku uliposhikwa na uchungu wangu, baraza lilijaa wanaume, ukaona haya, wanawake wawili wakakushika makwapa wakakutoa uani kukupeleka zahanati. Uliutoka mlango huo unalia, ukarudi kwa huohuo umenibeba.

Nilimpigia mjomba siku hiyohiyo, nikamweleza yote, na habari ya chai pia. Alinyamaza mpaka nikadhani na kwake mtandao umekatika. Kumbe analia, mjomba Bakari na sauti yake yote. Alikuwa ameshakwenda kwa mwalimu wa madrasa kimyakimya na kuambiwa kama nilivyoambiwa mimi. Akaniuliza kitu kimoja tu, kama uani kwa Bi Mwanahamisi gari lake la machungwa linafika. Nikamwambia linafika. Akasema, "Basi nitashusha machungwa." Barua hii nampa mtu wa Tanga anayerudi likizo, amfikishie mjomba Muheza, naye aje nayo kwako siku hiyohiyo.

Kwa hiyo sasa unajua. Gari la mjomba liko nyuma. Ameliosha hadi ndani, ingawa harufu ya machungwa nadhani imegoma. Bi Mwanahamisi amefungua ua wa makuti upande wake na kutundika mikeka, hakuna jicho litakalokuona. Utakuwa na ndugu yako wa tumbo moja kwenye usukani na mwanao ubavuni, umejifunika, na jioni utakapomaliza kutazamwa, wakikuruhusu, utarudi kulala nyumbani kwako kama eda inavyotaka.

Sikudanganyi, mama. Huenda kidole kikaenda. Nimekitazama kwa macho yangu na nimeona vya namna ile. Lakini ukingoja eda iishe, hatutazungumza tena kidole. Siku ya kutoka eda nataka nikuogeshe mimi, nimeshaomba ruhusa kazini na wameniitikia. Nguo yako mpya nimenunua. Na viatu nimenunua, vya ngozi laini, vyote viwili, cha kulia na cha kushoto.

Wasalimie. Bi Mwanahamisi, jirani aliyekuwa mama yangu wa pili, mwambie ua wake nitaujenga upya. Shangazi, dada yake baba, anayesema nimekuwa Mzungu, mwambie nampenda hivyohivyo na aendelee kusema. Mwalimu wa madrasa, mjomba atamfikishia salamu zangu njiani. Wengine utawasalimia mwenyewe ukirudi.

Mwanaidi, umemaliza kusoma. Usiikunje barua, iache hapohapo mkekani. Jikoni kama kuna chai, iepue kwanza. Kisha mshike mama mkono.

Ni mimi, yule uliyemleta kwa mlango wa uani,

Saumu