Neno la Mdhamini

Jumatatu, 4 Machi

Nimekataliwa tena. Mara ya tatu! Karani kanikabidhi bahasha asubuhi, hata mashine sijaiwasha. Mstari mmoja tu: ombi lako la nyongeza ya mshahara halijakubaliwa kwa sasa. Mwaka juzi ilikuwa hali ya biashara. Mwaka jana ilikuwa subiri tumalize kalenda. Safari hii hata sababu hawakujisumbua kunitafutia.

Miaka tisa nakata karatasi. Daftari za shule, kadi za harusi, vitabu vya risiti — hakuna kinachotoka kiwandani kabla sijakinyoosha kingo. Na vidole vyote kumi ninavyo. Mashine ile wengine inawanunia, mimi tunaelewana.

Nimerudi nimevimba. Baba alikuwa kwenye kiti chake dirishani. Ghorofa ya nne hii, lifti hakuna, na goti lililomsumbua miaka sasa limemgomea kabisa, hajagusa ardhi, mwezi wa saba huu. Kuna vyumba viwili vitupu pale chini, jengo hili hili, mlango unafungukia uani. Kodi yake imenizidi kidogo tu. Nikiongezwa, Baba atakaa nje na wazee wenzake badala ya kutazama mapaa ya watu. Sijamwambia. Nataka nimshtukize siku nikiwa na ufunguo mkononi.

Nikamwambia tu kwamba wamekataa. Akasema pole mwanangu, kila jambo na wakati wake. Akaomba chai.

Jumanne, 5 Machi

Chiriku kajaribu kunichekesha mchana, kashindwa, kala chakula changu chote kwa kuniadhibu. Binti wa mama mdogo huyu, mimi ndiye niliyemwingiza kiwandani mwaka wa tatu sasa, yuko meza ya kubandika majalada. Mafundi walimpa hilo jina siku ya kwanza. Mdomo haufungi.

Alhamisi, 7 Machi

Naandika stoo, nimekaa juu ya marobota.

Bomba limepasuka ofisini, juu ya kabati la mafaili ya wafanyakazi. Nani anajua kukausha karatasi bila kuikunja? Wakaniita. Kazi yenyewe ya subira: unatenganisha karatasi moja moja, katikati unaweka kavu, juu unaweka uzito. Nimekwenda faili kwa faili mpaka nikalifikia langu.

Barua zangu zote tatu zimo. Kila moja imebanwa na kikaratasi cha njano: MAONI YA MDHAMINI. Chini yake maneno matatu, mwaka juzi, mwaka jana, mwaka huu. Asiongezwe kwa sasa. Na sahihi.

Sahihi ya Baba.

Nilisoma nikadhani maji yameuchezea wino. Nikasoma tena. Ndiyo hiyo hiyo iliyokuwa kwenye ripoti zangu za shule.

Mdhamini namjua ni nini. Kiwandani kwetu huingii bila mtu wa kukusimamia, ili siku ukiiba au ukiharibu mashine aulizwe yeye. Baba alikuwa mkataji papa hapa miaka ishirini na sita, ndiye aliyenisainia. Nilidhani kazi ya sahihi ile iliisha siku ile ile. Nikamuuliza karani. Yeye ndiye kashangaa! Kumbe kila anayeomba nyongeza, mdhamini wake huulizwa kwanza. Utaratibu wa marehemu mzee, baba yake bosi. Kasema, "Mimi mwenyewe ndiye humpelekea mzee wako ile karatasi. Hukuwahi kujua?"

Nilijua anakuja kumjulia hali. Kila mwaka nilimpikia chai!

Ijumaa, 8 Machi

Jana nilishindwa kumuuliza. Leo nimeuliza kabla sijavua viatu.

"Baba, ni wewe unayeandika nisiongezwe?"

Hakukana. Angalau angekana kidogo.

"Ni mimi."

"Kwa nini?"

Akaniambia nikae. Akasema kuna jambo hajawahi kumwambia mtu, hata marehemu mama. Kwamba yeye hakustaafu. Waliondoa watu, naye akawa wa kwanza. Alikuwa ameomba nyongeza, mzee akampa, mafundi wakampigia makofi. Miezi minane baadaye kazi ikapungua, ikabidi watu waondoke, na mzee akaanza kukata majina kutoka juu ya orodha ya mishahara. Juu ya orodha alikuwa yeye.

"Anayelipwa zaidi ndiye anayeonekana kwanza," akasema. "Aliyelala mkekani haanguki kitandani. Nilitaka wakusahau hapo chini, uzeekee kazini."

Nikaitazama saa ya ukutani. Zawadi ya kustaafu, tumeambiwa hivyo maisha yetu yote. Nilikuwa na miaka kumi na minne, tulimshangilia alipoingia nayo. Baba akaona ninapotazama. Akasema aliinunua mwenyewe dukani siku ile, hakutaka kurudi nyumbani mikono mitupu.

Sikulia. Nilicheka, kicheko kibaya, hata mimi kilinitisha. Nikamwambia ile nyongeza ilikuwa ya goti lake. Nikamweleza vyumba vya chini, mlango, uani, wazee wanaocheza bao pale.

"Hukuniambia," akasema.

"Hukuniuliza."

Kikulacho ki nguoni mwako, nimeisema methali hii mara elfu juu ya watu wengine. Sasa nguo yenyewe ni Baba, na hata kumchukia siwezi, maana ameniumiza kwa kunilinda. Nina hasira hata sijui niiweke wapi.

Jumatatu, 11 Machi

Nimepanda kwa bosi. Nimemwambia nimeona faili, na ninaomba ombi langu lipimwe bila maoni ya mtu wa nyumbani kwangu. Nilijiandaa kwa vita.

Hakupigana. Kasema neno la Baba lilimrahisishia kazi tu, hata lisingekuwepo angekataa.

Akanisukumia barua zangu tatu, bado zina mawimbi ya maji. "Hebu zisome kama si zako."

Nikasoma. Goti. Ngazi. Kodi. Bei ya sabuni. Goti tena. Ya mwaka huu nimeweka na ghorofa ni ya ngapi.

"Umeniandikia habari za ngazi mara tatu," kasema. "Za mashine, hata mstari mmoja. Mimi nyumbani kwenu sikujui, dada. Kila mtu hapa ana goti lake. Niambie nikulipe zaidi kwa lipi."

Nikamjibu kizuri chajiuza. Ndivyo tulivyolelewa, kujisifu ni aibu, mwenye macho ataona. Akacheka, si kwa ubaya. Kasema yeye hukaa huku juu na simu tatu, macho ya kushuka kutazama kisu changu atayatoa wapi? Kama sikusema mimi, nilitarajia nani amwambie?

Miaka mitatu nimekuwa nikiomba sadaka, nikiita nyongeza!

Kanipa nafasi: barua nyingine, ya kazi tu, mpaka Jumatatu ijayo. Mwezi huu ana nafasi ya kuongeza mtu mmoja. Nimeuliza tuko wangapi. Wawili.

Jumatano, 13 Machi

Nimeandika. Kisu nakinoa mwenyewe tangu fundi wa nje aache kuja. Kalenda za mwisho wa mwaka nilizikata zote bila kuharibu hata rimu moja. Ule mkato uliopinda wa vitabu vya shule, mteja akitaka kurudisha mzigo mzima, ni mimi niliyeuokoa kwa kupunguza milimita mbili kila upande.

Naona haya kuisoma. Ila yote kweli. Nimempa karani kwa mikono miwili.

Baba kauliza nimeandika nini. Nikamwambia ukweli. Kasema hakujua habari ya mkato uliopinda. Kauliza maswali mengi — kisu nilikilaza vipi, karatasi ilikuwa nzito kiasi gani. Tumezungumza kama mafundi wawili, kwa mara ya kwanza tangu Ijumaa.

Ijumaa, 15 Machi

Siamini.

Karani kaja kwenye mashine yangu na kikaratasi cha njano. MAONI YA MDHAMINI. Nikadhani kakosea, ni cha Baba. Kasema hapana, ni changu. Mwombaji wa pili ni Chiriku. Aliyemsainia Chiriku ni mimi.

Chiriku! Tunakula bakuli moja kila mchana, hajatamka neno! Mdomo usiofungwa ule! Halafu nikakumbuka na mimi sikumwambia kitu.

Nimesema haiwezekani, mimi mwenyewe ni mwombaji. Karani kainua mabega. Utaratibu ni utaratibu, bosi hatasoma barua yoyote isiyo na neno la mdhamini. Langu, lile nililoomba lisitumike, limeshapatikana — Baba kasaini jana. Karani hakuniambia kaandika nini, na mimi sikuthubutu kuuliza.

Barua ya Chiriku imebanwa nyuma. Nimeisoma nimesimama. Ukurasa mmoja. Majalada elfu nne kwa siku tatu, hakuna lililobanduka. Gundi aliyoipunguza kwa robo. Wasichana wawili aliowafundisha. Mtoto wake hakumtaja, na ninajua anavyoishi. Nzuri kuliko yangu. Nzuri kuliko yangu kabisa.

Jumapili, 17 Machi

Chiriku kaja kama kila Jumapili. Kamkata Baba kucha, kamnyoa, kamtania kwamba sasa anafaa kuoa. Kafua na nguo zetu, bila kuombwa. Saa hizi kashuka uani kuanika. Ananiita dada kila sentensi, wala hajagusia barua. Sijui anajua kwamba karatasi iko kwangu. Nadhani anajua.

Baba kaiona mezani. Kavaa miwani, kasoma barua yote ya Chiriku, kairudisha taratibu.

"Mtoto anajua kazi," kasema. Kisha, kwa sauti ile ile ya upole: "Mwambie asubiri. Ana mtoto mdogo, asije akaonekana mapema."

Na mimi nikaona ana hoja! Hilo ndilo lililonishtua. Nilianza kuhesabu: bado kijana, miaka mitatu tu, kazi ikipungua itakuwaje, mimi namtakia mema. Sababu zilikuja zenyewe, zimenyooka, kila moja ya huruma. Ya vyumba vya chini hata haikuhitaji kuja.

Nimekaa kuiandika haraka kabla hajarudi. Anastahili, nilikusudia kuandika hivyo tu, neno moja. Naapa. Nimetazama kikaratasi sasa hivi, mkono wangu umeandika: Asiongezwe kwa sa

Wino, haufutiki. Nakala ni hii moja, ina mhuri. Chiriku anapanda, namsikia ghorofa ya tatu anamwamkia jirani, kabeba beseni —