Kiti cha Nyuma cha BSA

Jumamosi, 5 Juni 1999
Imekubali! Nati ya mwisho ya injini imefunguka. Wiki nzima niliilazimisha kwa kle, spana, za milimita – ya 13 haiingii, ya 14 inacheza – mpaka nikaila kona. Mjinga mimi. Pikipiki ya BSA, ya Mwingereza, ya mwaka 1956, inataka kle za Kiingereza. Leo Muderhwa, rafiki yangu wa utotoni, amevuka mpaka kutoka Bukavu na seti nzima, za marehemu baba yake. Na vita hivi vya Kongo, na bariera zote zile za askari njiani! Mungu amzidishie.

Jumapili, 13 Juni
Baada ya misa, karakana. Nimekata fremu ya nyuma, nimetupa kiti kirefu, nimeweka kifupi cha ngozi. Usukani nimeushusha. Tangi kijani, ila bonde la ubavuni, pale lilipobonyea, nimeliacha, linanipendeza. Munyemana, aliyeniuzia kama chuma chakavu huko Giheke, alisema haina mwenyewe. Sasa ina mwenyewe! Kamembe imejaa pikipiki za kubeba watu. Yangu haibebi mtu. Ni ya kufurahisha roho tu. Asante Mungu.

Jumatano, 16 Juni
Amekuja mama wa Giheke, Patricie. Alisikia kwa watu kwamba pikipiki ya mumewe iko kwangu. Akaweka kiganja kwenye lile bonde la tangi. Walianguka nayo Bugarama, yeye na mumewe, mwaka wa 1981. Mume aliuawa 1994.
Miaka miwili ya kazi! Lakini haki ni haki. Nikamwambia ni yake, aichukue. Akatikisa kichwa. Alikuwa anatazama nyuma, pale nilipokata.
“Pale njo nilikuwaka naikala,” akasema. Kisha, polepole: “Sikukuya kuibeba, papa. Nilitaka unipandishe mara moja tu, tufike Giheke.”
Kiti chake nimekitupa kwa mikono yangu mwenyewe. Nimeona aibu. Nikamwomba anipe mpaka Jumamosi. Akacheka: amengoja miaka mitano, siku tatu ni nini?

Jumamosi, 19 Juni
Fremu nimeiunga. Kovu linaonekana, liache. Ngozi nzuri ya kiti changu nimeipasua, imetosha viti viwili vyembamba. Pikipiki imekuwa mbaya kidogo, na naipenda zaidi. Mama zetu hukaa upande kwa sababu ya kitenge, basi pa kuwekea miguu nimepaweka kushoto, mbali na bomba la moshi. Nilijiona fundi kweli.
Patricie amefika mapema, kitenge cha Jumapili. Akazunguka kulia, akainama, akapapasa chini ya kiti. Hakuna pa kukanyagia. Mumewe, akaniambia, alikuwa akimkalisha kulia, upande wa majani ya kando ya barabara, malori yasimguse. Joto la bomba alilivumilia.
Hakulalamika. Alisema tu atakaa popote. Nimekataa!
Nimehamisha chuma cha kuwekea miguu, nimekichomelea kulia. Naandika huku kinapoa. Nashukuru, sijui hata kwa nini nashukuru hivi. Ameketi kwenye benchi langu, ananishikia nati zangu kiganjani, na kila mara anauliza kama kimepoa.